Mkalamu bustanini: majibu kwa wasomaji wa Mombasa

Barua nyingi zilizotufikia tangu mvua za masika zilipopungua zinauliza juu ya mmea mmoja, nao ni mkalamu, ule mmea wa porini unaotambaa juu ya vichaka vya pwani yetu na kutoa maua mekundu yenye kingo za manjano, petali zake sita zikiwa zimepinda kuelekea juu mithili ya ndimi za moto. Wataalamu wa mimea huuita Gloriosa superba, jina lililotolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Zimbabwe wamelifanya ua lake kuwa ua la taifa, na katika jimbo la Tamil Nadu kule India nalo ni ua la jimbo, ilhali sisi ambao mmea huu ni wa kwetu kwa asili, unaoota wenyewe kuanzia matuta ya mchanga yaliyo karibu na bahari hadi vilima vya Shimba, tumechelewa kuukaribisha nyumbani. Nimefurahi kuona kwamba hali hiyo inabadilika, na kwa sababu hiyo nimeamua kutumia nafasi yote ya toleo hili kujibu maswali yanayouhusu.

Swali: Assalamu alaykum. Mwaka jana nilinunua mkalamu uliokuwa kwenye chungu kutoka kwa muuza miche wa kando ya barabara. Mwezi wa sita ulichanua vizuri sana, lakini ulipofika mwezi wa nane majani yakaanza kugeuka manjano kuanzia chini. Nikadhani una kiu, nikawa naumwagilia maji asubuhi na jioni, kisha nikautia mbolea ya dukani. Haukupona. Nilipofukua nilikuta kiazi kimekuwa laini na kinanuka. Niliharibu wapi, na nikipata mwingine niutunze vipi? – Msomaji wa Kisauni

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Ulichokifanya ndicho ambacho karibu kila mtu mwenye huruma na mimea hukifanya anapoona majani yananyauka, yaani kukimbilia ndoo ya maji. Kwa mkalamu, maji ya wakati huo ndiyo yanayoua. Majani yalipoanza kugeuka manjano mmea wako haukuwa na kiu wala maradhi. Ulikuwa umekwisha kazi yake ya mwaka, na ulikuwa unavuta chakula kilichobaki katika shina na majani na kukishusha kwenye kiazi, ili kiazi hicho kilale ardhini hadi mvua nyingine. Kiazi kilicholala hakinywi maji. Kikiwekwa kwenye udongo uliolowa siku baada ya siku, kinashambuliwa na kuvu na kuoza, na harufu uliyoisikia ndiyo dalili yake.

Kulala huku ndiko kunakoutofautisha mkalamu na asumini, bogenvilia na mimea mingine tuliyoizoea, ambayo hubaki na majani mwaka mzima. Ukikitazama kiazi chake utaona ni chembamba, cha rangi ya kahawia kwa nje na cheupe kwa ndani, na mara nyingi kina mikono miwili iliyoungana kwa umbo la herufi V. Kila mkono una jicho moja tu la kuchipulia, nalo liko nchani kabisa, dogo na jepesi kuvunjika. Mvua inapolowesha ardhi, jicho hilo hutoa shina, na kadiri shina linavyokua kiazi cha zamani hutumika na kunywea huku kipya kikiumbika. Mwisho wa msimu kile kiazi ulichokipanda hakipo tena. Kilichopo ni kilichozaliwa mwaka huo. Hii ndiyo sababu nasisitiza kwamba majani yakiwa bado ya kijani baada ya maua kwisha, yasikatwe hata kama yanaonekana kuharibu sura ya bustani, kwa maana huo ndio wakati ambapo kiazi kipya kinajazwa, na anayeyakata mapema hupata shina dhaifu mwaka unaofuata, pengine lisilochanua kabisa.

Hapa Mombasa kalenda ya mkalamu inafuata pepo na mvua, na anayeifahamu hahitaji maarifa mengine mengi. Kaskazi ikitulia na masika yakaanza, kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na Aprili, kiazi huamka. Katika Mei, ambao ndio mwezi wetu wenye mvua nyingi kuliko yote, shina hupanda kwa kasi, na maua ya kwanza hufunguka majuma sita hadi kumi hivi baada ya kuchipua. Maua hufuatana kuanzia chini ya shina kwenda juu, moja baada ya jingine. Manjano ya majani yakishaanza kupanda, punguza maji kidogo kidogo, na shina likishakauka kabisa acha kumwagilia, kisha likate karibu na ardhi na uweke alama mahali pale ili mtu asije akachimba bila kujua. Mvua za vuli za Oktoba na Novemba huweza kukiamsha kiazi kilichoko ardhini kwenye udongo usiotuamisha maji. Kikiamka chenyewe kiache kifanye kitakavyo. Kilichoko kwenye chungu ni bora ukiingize chini ya upenu kabla ya vuli, na kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa joto la kaskazi, kilale kikavu.

Utakapopata kiazi kingine, kipande mwezi wa Machi. Kilaze ubavu, usikisimamishe, kwenye shimo la kina cha sentimita tano hadi kumi, na jicho lisiguse ukuta wa chungu. Lowesha udongo mara moja, kisha subiri hadi uone ncha ya shina ndipo uanze kumwagilia kwa ukarimu, udongo wa juu ukikauka kidogo kati ya mara moja na nyingine. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kiasi cha viganja viwili kuzunguka shina linapofikia urefu wa shubiri na mara ya pili vichomozapo vitumba vya maua, inatosha. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi huleta majani mengi na maua machache. Ukiutia mmea mbolea wakati unapojiandaa kulala haufaidiki nayo.

Swali: Maua ya mkalamu wangu yalifunguka yakiwa ya kijani na manjano, na baada ya siku chache yamekuwa mekundu. Je, ni ugonjwa? – Mwalimu, Changamwe

Jibu: Si ugonjwa. Ua la mkalamu hufunguka likiwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, kisha wekundu huenea kutoka nchani kuelekea chini hadi lote liwe jekundu, na kwa kuwa maua hayafunguki siku moja, utayaona ya rangi zote hizo kwenye shina moja. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake mkubwa.

Swali: Ninaishi Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa mbili isiyo na ua wa nyuma. Nina sehemu ya wazi juu ya paa la saruji inayopata jua tangu asubuhi. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Je, mkalamu utakubali huko juu? – Mpenda maua, Mji wa Kale

Jibu: Utakubali, maadamu utayaangalia mambo mawili, nayo ni joto la saruji na hayo maji ya kisima.

Mkalamu hupenda kichwa chake kiwe juani na miguu yake kivulini. Porini shina hupenya katikati ya kichaka, udongo wa chini ukiwa umefunikwa na majani makavu, hadi litokeze juu kwenye mwanga. Juu ya paa la saruji mambo ni kinyume chake, kwa sababu chungu kinachochomwa na jua pande zote huwa na joto kali kuliko hewa yenyewe. Kiinue chungu juu ya vipande vya mbao au matofali, kizungushie vyungu vingine vya mrehani au mimea mifupi ili vikitilie kivuli, na utandaze makumbi ya nazi juu ya udongo. Chungu kiwe na upana na kina cha sentimita 30 au zaidi, chenye matundu chini yanayopitisha maji bila kizuizi. Udongo uwe sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya mchanga wa mto na sehemu moja ya mboji. Usichukue mchanga wa ufuoni, kwa sababu unakuja na chumvi yake.

Ama maji ya kisima, visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na wakaazi wa Mji wa Kale hawahitaji kuelezwa hilo. Chumvi huachwa kwenye udongo kila maji yanapokauka, na baada ya muda utaona ukoko mweupe kwenye kingo za chungu, kisha ncha za majani zikiungua na kuwa kahawia. Katika mimea mingine ncha iliyoungua ni dosari ya sura tu. Kwa mkalamu ni hasara kubwa, kwa maana ncha ya jani ndiyo mkono wake: jani hurefuka na kuwa jembamba mwishoni, likajikunja na kuwa kikono kinachoshika kijiti kilicho karibu, na ndivyo mmea unavyopanda hadi mita mbili au zaidi bila shina lake kuwa na nguvu ya kusimama lenyewe. Ncha zikiungua mmea hupoteza mshiko na kuanguka. Kwa hiyo kinga maji ya mvua wakati wa masika, yatakayokutosha kwa sehemu kubwa ya msimu kwa kuwa mmea huu unahitaji maji katika miezi ile ile ya mvua, na pipa lako ulifunike vizuri kwa ajili ya mbu. Ukilazimika kutumia ya kisima, basi mara kwa mara mimina maji ya mvua mengi kwenye chungu hadi yatoke chini kwa wingi, ili yaichukue chumvi iliyokusanyika.

Swali: Nimesikia kwamba mkalamu una sumu. Nina watoto wawili wadogo na mama mkwe wangu anafuga mbuzi. Mume wangu ameshaupanda karibu na jikoni. Niung'oe? – Mama wa Mikindani

Jibu: Ulichosikia ni kweli, na ninakushukuru kwa kuuliza. Mmea wote una sumu, na kali zaidi iko kwenye kiazi na mbegu. Sumu yenyewe inaitwa kolchisini. Ndiyo hiyo hiyo ambayo madaktari huitumia kwa kipimo kidogo mno kutibu jongo, yale maradhi ya maumivu ya viungo, na India wakulima hulima mkalamu kwa ajili ya mbegu zake zinazopelekwa viwandani. Lakini umbali kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni mdogo, na haupimwi jikoni wala kwa mganga wa mtaani. Nasema hivi kwa uzito wote: mtu yeyote asikubali kupewa kiazi cha mkalamu kama dawa ya kunywa, kwa maradhi yoyote yale.

Hatari kubwa inatokana na kufanana. Kiazi cha mkalamu kilichooshwa kinaweza kudhaniwa kuwa kiazi cha kuliwa, na Sri Lanka watu wamefariki baada ya kukila kwa kudhani hivyo. Mahali pa kwanza pa kuepuka, basi, ni karibu na jikoni na karibu na tuta la viazi au mihogo, kwa sababu msaidizi wa nyumbani au mgeni aliyetumwa kuchimba anaweza kukosea. Viazi vilivyofukuliwa visihifadhiwe jikoni hata kwa usiku mmoja; viwekwe kwenye mkebe wenye kifuniko, ulioandikwa sumu, mahali pa juu wasipofika watoto.

Je, uung'oe? Kwa nyumba yenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni, ushauri wangu ni kwamba ndiyo, uhamishwe. Subiri hadi shina likauke, kwa kuwa ukiuhamisha sasa utakufa, na kwa muda huu uzungushie wavu na ukate matunda yake yangali ya kijani, kabla hayajapasuka na kuonyesha mbegu nyekundu ambazo mtoto huvutiwa nazo mara moja. Baadaye mpe jamaa asiye na watoto wadogo, au upande nyuma ya uzio uliofungwa. Mbuzi nao wasifikie hata majani yaliyokatwa, na mabaki yote yafukiwe, yasitupwe jaani wanakozurura.

Ikitokea kwamba mtoto au mtu mzima amekula sehemu yoyote ya mmea huu, mpeleke hospitali wakati ule ule, ukichukua na kipande cha mmea ili madaktari waujue. Usingoje dalili. Sumu hii huchelewa kujionyesha, na mtu anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla ya kuanza kutapika, kuharisha na kuumwa tumbo, na hata hayo yakitulia madhara kwenye viungo vya ndani yanaweza kuwa yanaendelea. Maziwa, maji ya madafu na tiba nyingine za nyumbani zisikucheleweshe njiani.

Kwa anayeushika bustanini, glavu zinatosha, pamoja na kuosha mikono na kisu kwa sabuni kila baada ya kazi. Utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Swali: Mimi ni mzee wa Likoni, na kwetu hasa ni Kwale. Mpwa wangu ameona mkalamu unauzwa kwa bei nzuri mjini, sasa anataka kuingia msituni karibu na kaya yetu akachimbe viazi avilete Mombasa. Mimi roho inanikataza, lakini kijana anasema kwamba ni maua ya mwituni yasiyo na mwenyewe. Nimjibu nini? – Mzee wa Likoni

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Roho yako imekuelekeza sawa, na nitajaribu kukupa maneno ya kumwambia kijana ili asidhani kwamba unamzuilia riziki tu.

La kwanza ni kwamba misitu ya kaya ina wenyewe. Wazee wa Kimijikenda wameilinda kwa miiko kwa vizazi vingi, na mwiko wa kutotoa kitu msituni bila idhini ndio uliofanya miti na maua yabaki pale wakati ardhi ya pande zote imekwisha kulimwa. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na baadhi yake ni turathi za taifa zinazolindwa kisheria. Kijana akikutwa humo na jembe hatakuwa na la kujitetea.

La pili ni la faida yenyewe. Kiazi cha mkalamu cha porini mara nyingi kimejipenyeza kati ya mizizi na mawe, na anayekichimba kwa haraka hulivunja lile jicho la nchani nililolieleza kwenye jibu la kwanza. Kiazi kisicho na jicho hakichipui. Mnunuzi atakipanda, atangoja masika yote, na hatarudi kununua tena kwa kijana huyo. Msitu utakuwa umepoteza mmea uliokuwa unatoa mbegu kila mwaka, na aliyepata hapo simwoni.

Mwambie aanze kitalu. Anunue viazi vichache vilivyozalishwa bustanini, na kila mwisho wa msimu, shina likishakauka, avifukue polepole kwa mikono. Vyenye mikono miwili avitenganishe pale kwenye kiungo, kila mkono ukiwa na jicho lake, aache kidonda kikauke kivulini kwa siku chache, kisha avihifadhi kwenye mchanga mkavu hadi Machi. Kwa njia hiyo kiazi kimoja kinaweza kuwa viwili kila mwaka bila kuingia msituni.

Mbegu zina mwendo mrefu zaidi, lakini huleta miche mingi. Tunda likikauka hupasuka sehemu tatu na kuonyesha mbegu nyekundu. Azikusanye, aondoe nyama ya juu, azilaze kwenye maji usiku mmoja na kuzipanda kwa kina cha sentimita moja kwenye udongo mwepesi, mahali penye kivuli chepesi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu mbegu za mkalamu haziamki pamoja: nyingine huchipua baada ya majuma machache na nyingine baada ya miezi kadhaa, na mtu hutupa udongo akidhani zimekufa. Asitupe. Mwaka wa kwanza mche hutoa majani machache membamba kama nyasi, na chini yake kiazi kidogo sana, ambacho nacho ni lazima kiachwe kilale kiangazi kama vile kikubwa. Maua huja mwaka wa pili au wa tatu, wakati mwingine zaidi. Kijana atakayevumilia kipindi hicho atakuwa na bidhaa ya halali, na ninamsihi kila chungu anachouza akifunge karatasi yenye maneno mawili makubwa: USILE, SUMU.

Swali: Bustani yetu iko Nyali, hatua chache kutoka baharini. Udongo ni kidogo juu ya mwamba wa matumbawe, na upepo wa kusi huvunja kila kitu. Mkalamu wetu una majani ya manjano hata sasa ulipo katikati ya kukua, ila mishipa ya majani bado ni ya kijani. Tumeuegemeza kwenye ukuta lakini haupandi. – Mke na mume, Nyali

Jibu: Manjano yenu si yale ya msomaji wa Kisauni. Jani linapokuwa manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, tena majani machanga ya juu yakitangulia, kwa kawaida mmea unakosa madini ya chuma. Chuma huwemo udongoni, ila chokaa ya matumbawe hukifunga, mizizi isiweze kukivuta. Acheni kutia jivu la jikoni, ambalo wengi wetu tumefundishwa kulimwaga kwenye maua, kwa sababu linaongeza hali ile ile. Mnachohitaji ni mboji na majani makavu kwa wingi, yaliyorundikwa juu ya mwamba mwaka hadi mwaka.

Kwamba jambo hilo linawezekana, ushahidi uko Bamburi, si mbali na kwenu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki sakafu tupu ya matumbawe isiyo na udongo kabisa. Mivinje ilistahimili, na jongoo waliletwa ili kuyasaga majani yake makavu, na udongo ukaanza kujengeka hadi pakawa na msitu unaotembelewa na watu leo. Jongoo mkiwaona chini ya mkalamu wenu, waacheni wafanye kazi. Wa kuwaondoa ni konokono wakubwa wanaotoka usiku wa mvua, kwa kuwa ncha changa ya shina ikitafunwa mnaweza kukosa maua ya msimu mzima. Waokoteni kwa tochi.

Ukuta nao haufai. Vikono vya majani vinashika vitu vyembamba tu, kama vile kijiti, waya au tawi la kichaka, na ukutani havipati pa kushika. Simamisheni fito nyembamba kwa karibu karibu au wavu wa waya wenye matundu mapana, upande wa nyumba usiokabili kusi moja kwa moja. Bora zaidi ya hivyo, kwa maoni yangu, ni kuupanda chini ya kichaka kilichokwisha kuzoea upepo na chumvi, kwa mfano mhina, ili upande ndani yake kama ufanyavyo porini. Mhina utautilia kivuli mizizi na kulishika shina, ambalo huvunjika kirahisi likikunjwa, na kiangazi mkalamu ukiwa umelala hamtaona pengo bustanini. Hakikisheni tu kwamba maji ya kumwagilia kichaka hicho katika miezi ya kaskazi ni machache.

Swali: Mkalamu wangu wa barazani, ghorofa ya nne, unachanua sana lakini maua yote hunyauka bila kutoa tunda. Nataka mbegu. – Msomaji wa Tudor

Jibu: Litazame ua kwa karibu. Vijiti sita vyenye chavua vimetawanyika pande zote, na kijiti cha kike, badala ya kusimama katikati yao, kimepinda tangu kwenye shina lake na kutokea ubavuni, mbali na chavua. Umbo hilo linahitaji mgeni, kipepeo au ndege aina ya chozi, anayegusa chavua ya ua moja na kuipeleka kwenye ncha ya kike ya ua jingine, na wageni hao ni nadra kwenye ghorofa ya nne.

Fanya kazi yao kwa mkono. Asubuhi, chavua inapoonekana kama vumbi la manjano, chukua brashi laini ya rangi, ipitishe juu yake, kisha uiguse kwenye ncha ya kile kijiti kilichopinda. Rudia kwa siku mbili au tatu, na ukiwa na mimea miwili chukua chavua ya mmoja umpelekee mwenzake. Ukifanikiwa, kitovu cha kijani katikati ya ua kitaanza kuvimba petali zikinyauka. Acha matunda mawili au matatu tu kwa shina moja na uyakate maua mengine yanaponyauka, kwa sababu kulea mbegu kunachukua nguvu ambayo kiazi nacho kinaihitaji kabla hakijalala. Vaa glavu unapoyakusanya matunda, na uyachume yanapoanza kupasuka, kabla mbegu hazijaanguka kwenye baraza la jirani wa chini.